Nguo ya kike, mabega ya kiume

Kanga moja ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110. Mwanamke mwenye nyonga za sentimita 95 akijifunga, ncha zinapishana zaidi ya nusu mita, naye anaweza kwenda sokoni na kurudi bila wasiwasi. Mwanamume mnene mwenye kiuno cha sentimita 130 akijifunga kanga hiyohiyo, kinachobaki cha kupishana ni sentimita 20, na hatua ndefu ya kwanza inaifungua. Mafundi wa cherehani wanaijua dawa yake: doti isikatwe. Kanga huuzwa mbili zikiwa zimeungana, na doti isiyokatwa ina mita 3 nzima. Fundi anapinda ncha mbili tu, na mwili mkubwa unazungukwa mara mbili, na ziada inabaki.

Dakawa iko kwenye uwanda wa Wami, kilomita hamsini hivi kutoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dodoma. Ni nchi ya joto, mpunga na mifugo, na milima ya Uluguru inaonekana kwa mbali upande wa kusini. Katika nchi hii na jirani zake, wanaume wamevaa nguo za kike kwa vizazi vingi na kwa sababu nyingi: jando, ugonjwa, jukwaa la vichekesho, joto la nyumbani, na wengine kwa kuwa wameipenda nguo yenyewe. Ukiifuata historia hiyo tangu siku za misafara, jambo moja linajitokeza wazi. Mwili mkubwa haukuwa tatizo mpaka mkasi ulipoingia.

Nguo iliyopimwa kwa mkono

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Simbamwene, mji wenye ukuta wa mawe uliokuwa chini ya Uluguru, mahali ulipo mji wa Morogoro wa leo. Mji huo ulijengwa na Kisabengo, na Stanley alipofika ulikuwa chini ya binti yake. Kutoka hapo alivuka uwanda wa Mkata wakati wa masika, akizama kwenye tope pamoja na mizigo yake. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa nguo: merikani, kaniki, na nguo za rangi zenye majina kama barsati, sohari na rehani. Kwa nguo msafara ulinunua chakula, ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na kuajiri wapagazi.

Nguo hizo hazikuwa zimeshonwa. Zilikuwa vitambaa vya kujifunga, na kipimo chake kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti, karibu yadi 4. Merikani ileile iliyotoka Marekani kupitia bandari ya Unguja ilimvika mpagazi na mke wa mpagazi. Mwanamume alijifunga kiunoni, mwanamke alijifunga juu ya kifua, chini ya makwapa. Tofauti ya vazi la kike na la kiume ilikuwa mahali pa kufunga, na ilibadilika kwa sekunde chache.

Mtu mwenye mwili mkubwa aliongeza mikono ya kitambaa. Hakuwa na haja ya kutafuta duka maalumu wala kueleza ni nani atakayevaa. Kipimo kilichotumika kilikuwa sehemu ya mwili wa binadamu, na kitambaa kilimfuata mvaaji.

Vijana wa jando na vazi refu

Wafugaji wa Kiparakuyo, ndugu wa Wamaasai, wamekuwa wakilisha ng'ombe kwenye nyanda za Wami na Mkata kwa muda mrefu, na mnada wa ng'ombe wa Dakawa haukamiliki bila wao. Katika jamii za Kimaa kumekuwa na kipindi ambacho kijana wa kiume huvaa kama mwanamke kwa ruhusa ya wazee wote. A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza, aliandika habari zake katika kitabu chake juu ya Wamaasai kilichotoka mwaka 1905. Vijana waliotoka kutahiriwa, walioitwa sipolio, walivaa mavazi marefu yaliyofika miguuni kama ya wanawake, na masikioni walitia surutya, mapambo ya wanawake walioolewa. Walikaa hivyo mpaka wapone, kisha wakanyolewa na kuingia katika umorani.

Hawa hawakuwa watoto wadogo. Wengi walikuwa vijana waliokwisha kurefuka, wenye mabega yaliyoanza kupanuka. Vazi refu lisilobana liliwafaa kwa jambo la kawaida kabisa: kidonda hakitaki kuguswa. Katika kitabu kingine cha mwaka 1909, Hollis aliandika kwamba Wanandi wa Kenya nao waliwavisha wavulana mavazi na mapambo ya wasichana kabla ya kutahiriwa. Mila hizo zinaonyesha jamii zilizokuwa na mahali pa heshima pa mwanamume aliyevaa kike, pamoja na muda wake, sababu yake na watu wa kumtunza.

Hata leo anayesafiri kati ya Morogoro na Dodoma anaweza kukutana na vijana wa Kimaasai waliotoka jandoni, wamevaa nguo nyeusi na nyuso wamezichora kwa rangi nyeupe. Kitambaa kimetoka dukani na ngozi imepotea, lakini vazi limebaki lilelile la kujifunga, pana, lisilouliza namba.

Kanga katika nyumba ya mgonjwa

Mwishoni mwa karne ya 19 kanga ilienea kutoka Unguja na Mombasa. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alifungua duka mwaka 1887, na nguo zake zikatambulika kwa alama ya mali ya Abdulla. Reli ya Kati ilipofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, bidhaa za pwani zilianza kuingia bara kwa behewa, na kanga ikawa vazi la wanawake wa mashamba ya mkonge, wa mjini na wa milimani.

Ikawa pia nguo ya wanaume ndani ya ua. Baba wa nyumba anapotoka kuoga hujifunga kanga ya mkewe. Usiku wa joto kwenye uwanda wa Wami, wanaume wengi hulala na kanga kiunoni. Akifika mgeni, mwenye nyumba hubadili nguo haraka au hubaki alivyo, kulingana na ukaribu wa mgeni huyo. Hakuna anayeshangaa, na hakuna aliyewahi kuiandikia kanga hiyo namba ya saizi.

Mahali ambapo kanga imemsaidia mwanamume kuliko vazi lolote ni kwenye ugonjwa. Matende na mabusha, maradhi yanayoletwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, yamewatesa watu wa pwani na mikoa ya jirani kwa karne nyingi, Morogoro ikiwamo. Busha likikua, suruali haivaliki. Mguu ukivimba, hata kaptura inagoma. Wanaume wengi waliacha kwenda msikitini, kanisani au kilabuni kwa sababu ya nguo tu, na waliotoka walijifunga kanga, msuli au kanzu pana. Tanzania ilianza kugawa dawa za kinga dhidi ya maradhi hayo mwaka 2000, ikianzia kisiwani Mafia, na upasuaji wa mabusha ukafuata katika mikoa mbalimbali. Mgonjwa aliyepasuliwa hurudi nyumbani na kanga, na kwa siku nyingi kanga ndiyo nguo yake ya pekee. Katika hali hiyo, nguo ya kike huwa kitu cha kwanza kinachomrudishia mwanamume staha yake.

Mkasi, mkono na kwapa

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Mhonda, kwenye milima ya Nguru kaskazini mwa Dakawa, mwaka 1877, na miaka michache baadaye wakafika Morogoro. Pamoja na shule na kanisa likaja gauni: nguo yenye shingo, mikono, kiuno na pindo. Baada ya reli, maduka ya Wahindi mjini yakaweka cherehani kwenye baraza, fundi akakaa nje mbele ya wapita njia, na mteja akanunua kitambaa ndani na kukikabidhi nje. Utaratibu huo unaendelea mpaka leo Morogoro mjini na katika kila kituo kikubwa cha barabara kuu.

Hapo ndipo mwili mkubwa wa kiume ulipoanza kukwama, na kukwama kwake kunaeleweka vizuri zaidi kwa kuliangalia gauni lenyewe.

Gauni la kike huchorwa kwa kuanzia kifua. Likikuzwa, kitambaa kingi huongezwa kifuani na nyongani, na kidogo sana mabegani, kwa kuwa mwanamke akinenepa mifupa ya bega haisogei. Mwanamume mwenye mwili mkubwa anabeba upana wake mahali pengine. Bega lake linaweza kufika inchi 20, mgongo wake wa juu ni mpana, na shingo yake ni nene. Tumbo linatoka mbele, nyonga zinabaki nyembamba. Akivaa gauni lililokatwa kwa mwanamke wa kifua cha inchi 50, kifua kinaingia, lakini mshono wa bega unapanda juu, kwapa linabana, na akinyoosha mkono mbele kitambaa cha mgongoni kinachanika. Wakati huohuo mikunjo ya kifuani inabaki mitupu, nyongani kunabaki kitambaa kinachoning'inia, na kiuno cha gauni kinakaa juu ya mbavu kwa sababu kiwiliwili chake ni kirefu.

Kwa hiyo kununua namba kubwa zaidi hakumsaidii. Kadiri anavyopanda namba ili mabega yaingie, ndivyo nyonga na kifua vinavyozidi kuwa vipana. Fundi mzoefu anaanza kinyume: anachukua bega na mgongo kwanza, anakata hapo, kisha anapunguza chini. Kwapani anaweka kiraka cha umbo la almasi, kama kile kinachowekwa kwenye kanzu, ili mkono upande bila kuvuta gauni zima. Mikunjo ya kifuani anaiondoa, au anaibakisha midogo kama mvaaji ataweka sidiria yenye pamba. Zipu anaihamishia ubavuni au anaiacha kabisa na kuweka shingo pana, kwa sababu zipu ya mgongoni kwenye mwili wenye mabega makubwa ndiyo inayokufa kwanza.

Ujuzi huu ulihitajika sana jukwaani. Vichekesho vilikua katika miji ya Tanganyika wakati wa ukoloni, na nafasi za wanawake mara nyingi zilichezwa na wanaume. Watazamaji walimpenda zaidi mchezaji mwenye mwili mkubwa aliyejaza vitambaa kifuani na nyuma. Baadaye vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano Cultural Troupe, viliingiza vichekesho katika maonyesho marefu pamoja na ngoma, sarakasi na maigizo. Kizazi cha televisheni kilimpata Joti, Lucas Mhuvile, wa kundi la Ze Comedy, ambaye nafasi zake za kike zilijulikana nchi nzima. Mwigizaji anatakiwa kuruka, kuanguka na kukimbia akiwa ndani ya gauni. Nguo iliyobana kwapani inamharibia mchezo kabla hajasema neno la kwanza.

Namba zilizotoka mbali

Nguo za tayari zina historia yake, nayo ilianza nje kabisa ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, Lena Bryant, mshonaji aliyehamia New York kutoka Lithuania, alianza kushona nguo za wajawazito, na kampuni yake ya Lane Bryant ikaendelea hadi nguo za wanawake wanene. Mwaka 1941 Ruth O'Brien na William Shelton wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima karibu wanawake 15,000, vipimo 59 kwa kila mmoja. Takwimu zilizotumika zilikuwa za wanawake weupe peke yao. Kutokana na kazi hiyo, Marekani ilitoa kipimo rasmi cha saizi za nguo za wanawake mwaka 1958, kikafutwa mwaka 1983. Tangu hapo kila kampuni imejipangia saizi zake.

Namba hizo zilifika Dakawa kwa njia ya mitumba, ila kwanza palikuwa na kipindi kirefu cha kukosa nguo kabisa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaka nchi ijivike yenyewe. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na Morogoro nayo ikapata viwanda, kikiwamo Polytex. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Tangu hapo vazi likawa jambo la mgambo na la ofisi ya chama. Waliosumbuliwa zaidi walikuwa wale ambao miili yao ilionekana sana, wanawake wa mjini wakiwa mbele.

Miaka ya vita vya Kagera na baada yake ilikuwa migumu. Kanga na vitenge viligawiwa kwa foleni, na mtu alichukua alichopewa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa maghalani. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma, Sokoine alifariki katika ajali ya gari karibu na Dakawa, mahali panapoitwa leo Wami Sokoine. Miezi miwili baadaye, bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Nguo zilianza kurudi, na mitumba ikaingia kwa marobota.

Wageni wa Dakawa na nguo za msaada

Dakawa yenyewe wakati huo ilikuwa na wakazi wapya. Tanzania ilikuwa imekipa chama cha ANC cha Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, ambako Chuo cha Solomon Mahlangu kilianza mwaka 1978. Mazimbu ilipojaa, serikali ilitoa ardhi nyingine Dakawa mwaka 1982. Wakimbizi wa Afrika Kusini walianza kwa mahema kwenye uwanda usio na kivuli, kisha nyumba zikajengwa kwa misaada, hasa kutoka nchi za Skandinavia.

Nguo zao nyingi zilikuwa za msaada, zilizochangwa Ulaya na watu wenye nia njema. Nguo ya kuchangiwa ina shida moja isiyotibika kwa nia njema: imekatwa kwa ajili ya mwili mwingine. Koti la baridi linafika kwenye joto la Wami, na gauni pana linamwangukia mtu mwembamba. Ndiyo maana karakana za kushona zilikuwa na kazi kubwa katika maisha ya wakimbizi. Dakawa ilipata karakana ya kufuma na kuchapa vitambaa, iliyoanzishwa kwa msaada wa Wasweden. Watu waliokuwa wakipokea nguo za kupewa wakaanza kutengeneza kitambaa chao, na kitambaa kisichokatwa kinamfaa kila mtu.

Chuo cha Mazimbu kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo yenye jina la Solomon Mahlangu. Mradi wa vitambaa ulihamia Grahamstown, mji unaoitwa sasa Makhanda, Afrika Kusini, ukabaki na jina la Dakawa. Wafumaji wa huko wamefanya kazi kwa miaka mingi chini ya jina la kijiji cha mpunga cha wilaya ya Mvomero.

Vibonge, madera na belo la asubuhi

Mwenye kutafuta gauni kubwa leo Morogoro ana njia tatu. Ya kwanza ni mitumba. Belo linapofunguliwa, wateja wa mapema huchagua kwanza, na magauni ya vibonge kutoka Marekani na Ulaya yanakuwamo. Mwanamume mkubwa anayeyapekua anakutana tena na lile tatizo la bega, kwa kuwa magauni hayo yalichorwa kwa wanawake wanene wa kule. Wajuzi wa mnadani hawaangalii lebo. Wanalishika gauni kwenye mishono miwili ya bega, wanalinyoosha kifuani pao, na kama mishono haijafika kwenye mfupa, wanalirudisha. Vitambaa vinavyovutika huangaliwa kwanza, na magauni yasiyo na mikono yanashinda yote, kwani kwapa lililo wazi halina cha kubana.

Njia hiyo nusura ifungwe. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba ifikapo mwaka 2019 ili viwanda vya ndani vipumue. Marekani ikatishia kuziondolea nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru kupitia mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafasi hiyo kwa nguo za Rwanda. Waliofikiria viwanda walikuwa na hoja. Lakini kwa mtu mwenye mwili usio wa kawaida, kiwanda kinachotoa saizi nne tu hakichukui nafasi ya belo lenye nguo za kila umbo.

Njia ya pili ni dera. Vazi hili jepesi na pana, lenye asili ya Kisomali, limeenea pwani na bara, na kinamama wa Morogoro hulivaa nyumbani, msibani na kwenye shughuli. Ni vipande viwili vipana vilivyounganishwa mbavuni, vikiwa na tundu la shingo. Bega halina mshono mahali pake maalumu, mkono ni upana wa kitambaa chenyewe, na wauzaji huliita frisaizi bila kudanganya. Mwanamume wa kilo 120 analivaa bila kuhitaji fundi, isipokuwa pindo liongezwe kama ni mrefu. Dera limerudisha gaunini siri ya zamani ya shuka: upana kwanza, umbo baadaye.

Njia ya tatu ni fundi, na hapa linakuja suala la heshima. Mwigizaji hana shida, anasema ni nguo ya jukwaani. Mgonjwa naye ana sababu inayoeleweka. Lakini wapo wanaume wanaotaka gauni kwa kuwa wanajisikia vizuri ndani yake. Hao hukabili kejeli, matusi na hata kipigo, na wengi huogopa kupimwa mbele za watu kwenye baraza. Historia ya nchi hii haiwapi wanaowacheka msingi wowote. Babu aliyejifunga merikani, kijana wa sipolio mwenye surutya masikioni na mzee aliyetoka kupasuliwa busha wote walivaa vazi ambalo wanawake nao walilivaa, na wote walibaki watu wa jamii yao.

Fundi mwenye adabu ana namna ya kumlinda mteja wa aina hiyo. Hahitaji kujua ni nani atakayevaa. Anahitaji namba tisa zilizoandikwa kwenye karatasi: bega, mgongo kutoka kwapa hadi kwapa, shingo, kifua, tumbo, nyonga, mzunguko wa mkono wa juu, urefu wa bega hadi kiuno, na urefu wa bega hadi pindo. Mtu anaweza kujipima nyumbani kwa futi akisaidiwa na mmoja anayemwamini, akiwa amevaa nguo za ndani atakazozivaa pamoja na gauni, maana sidiria yenye pamba inabadilisha kifua kwa inchi kadhaa. Kwa mwili mkubwa wa kiume, gauni refu la kitenge linakula yadi 5 hadi 6. Kitenge kwa kawaida hufungwa kwa yadi 6, kwa hiyo anunue kipande kizima na amwombe fundi aache akiba ya inchi moja na nusu kwenye kila mshono wa ubavu, ili mwili ukibadilika gauni liachiwe badala ya kutupwa.

Vyuo vya VETA vinafundisha ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo kwa vijana wa mikoa yote. Somo la kukata gauni kwa kuanzia bega na mgongo lingewafaa sana wanafunzi hao. Lingewasaidia wanaume wenye miili mikubwa, wanawake warefu wenye mabega mapana, wachezaji wa netiboli na wa kikapu, na wanawake waliokatwa titi kwa saratani ambao mikunjo ya kifuani haiwafai tena. Vifaa vyake ni karatasi ya patani, chaki na futi, na mafundi wanaojua kazi hiyo tayari wamekaa kwenye baraza za Morogoro wakisubiri kuulizwa.